Kumsindikiza Kwikwi

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama katikati ya unyayo wa kulia wa mama yangu. Unyayo ulikuwa mpana kuliko uwanja wa shule, ngozi yake ya joto, na kila baada ya muda mfupi ulishtuka wote kwa pamoja nami nikayumba.

Sikushangaa. Nilijua kushtuka kule ni kwikwi. Mama ana kwikwi tangu Ijumaa na haikatiki. Hali chakula, maana kila tonge linarudi. Halali usiku. Hata akiswali, aya inamkatikia mdomoni. Tumemtisha, tumemnywesha maji ameinama, tumemlambisha sukari. Hospitali wamempa vidonge wakasema tungoje, lakini mashavu yake yanabonyea na mimi nimechoka kungoja. Najifunza tiba ya nyayo na viganja kwa Bi Kidawa, na jana jioni nilimkanda mama mpaka vidole vyangu vikafa ganzi. Akasema, "Somoe mwanangu, hik, unanitekenya tu." Niliumia. Nikaenda kulala nimeapa kwamba kwikwi hiyo itatoka, itake isitake.

Basi nikaanza kutembea. Bi Kidawa hutufundisha kwamba mwili mzima umo unyayoni: kichwa kwenye kidole gumba, mapafu chini ya vidole, tumbo katikati, nyonga kisiginoni. Ndotoni vyote vilikuwepo, kila kimoja na nyumba yake na kibaraza chake.

Tumbo alikuwa kibarazani akipepeta ungo mtupu.

"Ndiye wewe uliyekuwa ukibonyeza jana?" akauliza.

"Ndiye mimi. Shikamoo."

"Marahaba. Kwenu hampigi hodi?"

"Tunapiga."

"Jana hukupiga. Ulitia kidole mpaka jikoni kwangu."

Nikamwomba radhi, nikamwuliza Kwikwi anakaa wapi. Akanielekeza kwa ungo. "Pale kwenye mstari, chini ya mapafu. Ila wewe usimfokee. Kila anayekuja anamfokea."

Nikapiga hatua moja tu, nikajikuta sebuleni kwetu. Kila kitu kilikuwa mahali pake, isipokuwa sakafu, ambayo ilikuwa bado unyayo wa mama.

Kwikwi amekaa kwenye kochi. Ni mzee mfupi, amevaa kanzu na koti, amepakata mfuko wake. Anaruka. Paa nalo linaruka.

"Hodi," nasema.

"Karibu."

"Mzee, utaondoka lini?"

"Nimeshaaga," anasema. "Nilikuja kumjulia hali mama yako, nikakaa kidogo, nikaaga. Hakuna aliyeinuka. Mmoja akanimwagia maji. Mwingine akajificha nyuma ya mlango, akanipigia kelele."

"Huyo ni kaka yangu, Shekue."

"Hajambo?"

"Hajambo."

"Sasa mgeni ataondokaje peke yake, hana hata mtu wa kumtoa mlangoni? Kwetu sikulelewa hivyo." Anaruka tena. "Nasubiri kusindikizwa."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nyumba nzima tulikuwa tukimfukuza mtu ambaye ameshaaga. Nikamshika mkono, tukaelekea mlangoni. Lakini alikwenda taratibu, akasimama kusifia pazia, na mimi, kwa haraka zangu, nikamsukuma kidogo mgongoni.

Akarudi kochini, akaketi. Paa likaruka juu zaidi. Kutoka mbali nikamsikia mama akilia. Mama yangu si mtu wa kulia ovyo, na mimi nikaogopa kwelikweli, nikaogopa kwamba nitamkosa kwa sababu ya kitu cha kuchekesha kama hiki.

Nikatoka nje, nikafunga mlango, nikapiga hodi upya.

"Karibu."

"Mzee, nimekuja kukusindikiza."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka wewe mwenyewe useme rudi."

Nikambebea mfuko, tukatoka. Alitaka kuaga kila nyumba. Ini akatushika tunywe kahawa, tukanywa tumesimama. Figo akauliza habari za watu ambao Kwikwi hawajui, na Kwikwi akajibu kwamba wote wazima. Miguu iliniuma. Nikaendelea kubeba mfuko. Mimi nikikaza nimekaza, hata nikiwa nimelala.

Njia ikageuka ikawa ukumbi wa kumfundia mwali, ngoma zinalia, tukalazimika kupita katikati ya wanawake tukiomba radhi. Kisha ukumbi ukaisha na tukatokea kwenye magaga ya kisigino cha mama, mipasuko mirefu ambayo chini yake ni giza.

"Mama yako apakwe mafuta hapa," Kwikwi anasema.

"Atapakwa. Nipe mkono."

Tunavuka mpasuko wa kwanza. Tunavuka wa pili. Katikati ya wa tatu anataka kuruka, namwona anajizuia, jasho linamtoka. Namwambia, "Pole, baba, tumekaribia." Hajaambiwa pole siku zote hizo. Anatulia, tunavuka.

Mwisho wa kisigino palikuwa na shuka jeupe lililokwenda mpaka upeo wa macho. Nilimpa mfuko wake.

"Rudi sasa," akasema.

"Nikufikishe pale mbele."

"Rudi, Somoe. Umenitoa vizuri. Mwambie mama sikukaa kwa ubaya."

Akashuka kwenye shuka, akaenda zake. Nilimtazama mpaka akapotea, na njia nzima hakuruka. Nikarudi peke yangu, nikipita juu ya magaga yale yale.

Nilipoamka palikuwa pamepambazuka. Nikakimbilia chumbani kwa mama nikasimama kando ya kitanda chake nikisikiliza. Kimya. Nikangoja. Kimya. Akafumbua macho.

"Somoe, mbona umenisimamia kama polisi? Nenda kaniwekee uji, uwe na ndimu, na kama kuna mkate nao ulete, nina njaa ya kufa mtu."

Alisema yote hayo bila kukatika. Nilianza kulia, na ili asinione nikainamia miguu yake kumrekebishia shuka. Unyayo wa kulia bado ulikuwa na ile poda ninayowapaka watu kabla ya kuwakanda. Ndani ya poda, kutoka katikati mpaka kisiginoni, zilikwenda nyayo za watu wawili, ndogo kama za sisimizi. Zilizorudi zilikuwa za mtu mmoja.