Pingamizi la Bi Mwanamkasi

Kwa miaka kumi na mmoja Mwende alihudumu kwenye kaunta ya baa ya hoteli moja ya Shelly Beach, hadi hoteli ilipofungwa na kila mfanyakazi akaambiwa ashike njia yake. Wenzake wengi walirudi bara. Yeye akabaki Likoni, akakodi nyumba iliyowahi kuwa baa mtaani Bofu, akaanza kusugua kuta ili aifungue upya. Kazi nyingine hakuijua, na hii aliijua barabara.

Alipoomba leseni, pingamizi lilikuja moja tu, la jirani wa nyuma, Bi Mwanamkasi, mjane aliyezaliwa papo hapo Bofu.

"Ajuza mmoja tu," alisema Nicanor, fundi aliyekuwa akimtengenezea kaunta. "Tafuta wakili, atanyamaza."

Mwende alilifikiria neno hilo siku mbili. Siku ya tatu, baada ya alasiri, akajifunga leso akaenda kupiga hodi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ndiwe mwenye baa?"

"Ndimi."

Bi Mwanamkasi hakumkaribisha ndani, ila hakumfukuza. Alimzungusha hadi kichochoroni, akamwonyesha ukuta wa nyumba yake. Chokaa ilikuwa imebabuka kutoka chini hadi usawa wa kiuno.

"Miaka sita walevi wa yule aliyekutangulia walikojoa hapa," alisema. "Mlango wao ulifungukia huku kwangu. Muziki wapigwa hata adhana siisikii. Wajukuu wangu wakienda chuoni kusoma Kurani, watukanwa. Nikimwambia mwenyewe, anicheka. Sasa na wewe waja."

Mwende alikuwa amekuja na maneno yake tayari, ya sheria na haki ya kila mtu kutafuta riziki. Yote akayaacha.

"Na nikiuziba huo mlango?" aliuliza.

"Ziba kwanza. Maneno nimeyasikia mengi."

Nicanor alinung'unika. Mlango mpya wa upande wa barabara ungekula wiki tatu nzima. Mwende akashikilia. Mlango wa kichochoroni ukazibwa kwa mawe, vyoo vikajengwa ndani, na zile spika kubwa mbili alizozikuta akampa mwenye nyumba azichukue. Mwishowe akaupaka chokaa ukuta wa Bi Mwanamkasi kwa mikono yake mwenyewe, bibi akimtazama kutoka kizingitini.

Siku ya kikao cha leseni, Bi Mwanamkasi alifika na buibui lake, akaketi safu ya mbele.

"Bibi, pingamizi lako lingalipo?" mwenyekiti aliuliza.

"Pombe siipendi, wala sitaipenda," alisema Bi Mwanamkasi. "Lakini niliyoyalalamikia, huyu ameyaondoa kabla hajauza hata chupa moja. Yule wa kwanza nilimwambia miaka sita. Wallahi, hakusikia hata siku moja. Karatasi yangu nirudishieni."

Mwende alilia pale pale, mbele ya watu.

Baa ilifunguliwa Jumamosi, saa kumi alasiri. Wa kwanza kuingia walikuwa wapakuzi watatu wa bandarini, wakaagiza bia baridi na nyama choma. Mwende akashika kifungua chupa, kisha akakiweka tena juu ya kaunta, yeye aliyekwisha kufungulia watu maelfu ya chupa.

"Dada, kwani kuna nini?" mmoja aliuliza.

"Mara zote nilikuwa nakaribisha watu kwa wenyewe," alisema. "Leo nawakaribisha kwangu."

Wakacheka, naye akacheka nao, kisha akaenda jikoni kuihimiza nyama.