Kitambaa cha Sista Godeliva

Sista Godeliva alikuwa na nywele nyeusi tii zilizochungulia chini ya shela, lakini watu wa Butiama walimwita mzungu hivyo hivyo. Baba yake alikuwa Mholanzi aliyekwenda Java kununua sukari, akaoa huko. Mama yake alikuwa Mjava, aliyechora maua na ndege kwenye vitambaa kwa nta, kwa mkono. Waholanzi waliyapenda yale maua, wakayabeba kwao, wakayachapa kwa mashine na kutuuzia sisi.

"Kitenge chako ni mjukuu wa hiki," alimwambia mama yangu, Wankyo, aliyefanya naye kazi zahanati. Kisha akamkabidhi kitambaa alichochora mama yake, maana watawa hawamiliki vitu. "Nikifa, unifunike nacho."

Mama akaahidi.

Ukaja msako wa wahujumu uchumi, ule wa mwaka 1983. Maduka yalikuwa matupu, na mwenye nguo nzuri alionekana mlanguzi. Wengine walimwaga sukari ziwani. Mama, kwa hofu yake, alikiviringisha kitambaa kwenye gunia akakifukia ndani ya zizi, chini ya samadi, mahali ambapo mgambo hawezi kuingiza kiatu chake. Msako ulipoisha nilimsihi akitoe.

"Hawa watu wanarudiga, mwanangu," alisema. "Kiache kilale."

Miaka ikapita, biashara ikafunguliwa, maduka ya mtaa wa Mukendo, kule Musoma, yakafurika. Sista akafa kwa malaria. Mama alishika jembe hata kabla ya kulia, akachimba zizi zima. Mchwa walikuwa wamemaliza kazi. Lilibaki pindo moja tu, nalo likamvunjikia mkononi. Hadi leo nina hasira, wala si na mama. Ni na wale waliomfanya mtu aogope kitambaa.

Mama alipanda gari kwenda Musoma, akazunguka Mukendo mpaka akapata kitenge chenye maua yale yale na ndege wale wale. Pembeni pameandikwa Holandi.

Mazishini kila mtu alikisifu. Sista Tereza, mkubwa wa nyumba yao, alimshukuru mama mbele ya watu kwa kukitunza vizuri namna ile. Mama aliinamisha kichwa.

Kaburi lilipokwisha kufukiwa alinishika mkono.

"Nimemfunika na cha baba yake," alisema. "Cha mama yake nimewalisha mchwa."