Zege Bombani

Mama Karai alikuwa amelala kifudifudi uani, mkono umezama kwenye shimo la bomba la choo hadi begani, shavu limegusa sakafu yenye ute. Alivuta. Likatoka tambara, yakafuata manyoya ya kuku, kisha kandambili ya mtoto. Harufu iliyopanda baada ya hapo iliwafanya wapangaji wafunge madirisha.

Mwenye nyumba alisimama juu ya tofali, ncha ya mtandio puani.

"Ukimaliza hapo, ule ukuta wa ndani nao uupige lipu," alisema. "Si utakaa mwenyewe?"

"Nitaupiga, mama. Lakini tuandikiane basi, hata kwa kifupi."

"Tuandikiane nini? Mimi na wewe tumekuwa watu wa mahakamani? Hamia kwanza, mwanangu. Karatasi haikimbii."

Mama Karai akarudisha mkono shimoni. Chumba alichoahidiwa kwa kazi ile kilikuwa chini, hakina ngazi, na hicho ndicho alichokuwa akikitafuta mji mzima. Mama yake alikuwa amepooza miguu. Walikuwa wamejibanza kwa kaka, katika jiko ambalo wifi aliingia alfajiri kuwasha moto bila kubisha hodi, akimruka mgonjwa kama gogo. Jina lenyewe la Karai alilipata kwenye ujenzi, kwa kuwapandishia mafundi zege ghorofani. Nyumba za watu alizozibeba kwa utosi hazihesabiki.

Kila jioni akitoka kazini alipitia pale. Alipiga lipu, akapaka rangi, akabomoa kizingiti ili mama aweze kujiburuza nje kuota jua. Maji yakaanza kushuka bombani. Dobi wa chumba cha pili, mjane aliyelea wajukuu kwa kuwafulia watu, alimletea sabuni na ndoo ya maji ya moto.

"Tangu mvua zilizopita tunarukaruka juu ya matofali kama vyura," alisema. "Umetutoa uchafuni, mwenzangu. Hamia upesi."

Siku ya kuhama, mama alikaa juu ya godoro kwenye mkokoteni, amevaa gauni lake la kutokea. Walipofika, dirisha lilikuwa na pazia jipya. Mlangoni palikuwa na viatu vya kiume vinavyong'aa.

Mwenye nyumba akatoka na tabasamu lake.

"Ah, nilitaka nikupigie simu. Kuna kijana wa benki alipita, akakipenda chumba. Kilivyopendeza sasa! Amelipa mwaka mzima, mwanangu. Ungekuwa wewe ungemfukuza?"

"Na mimi je? Rangi ile, lipu ile, bomba lile?"

"Nani alikutuma? Una karatasi?"

Ubishi ukakua, watu wakajaa. Mama, juu ya mkokoteni, juani, aliomba apelekwe kujisaidia. Akaomba tena, kwa sauti ya chini zaidi.

"Choo ni cha wapangaji," alisema mwenye nyumba.

Mkojo ukapenya kwenye godoro, ukadondoka barabarani mbele za watu. Ajuza yule akajifunika uso kwa viganja vyote viwili.

Ofisa wa mtaa alimsikiliza Mama Karai huku akichokonoa meno.

"Mkataba?"

"Hakuniandikia."

"Basi wewe umeingia kwenye nyumba ya watu, ukagongagonga kuta bila ruhusa. Yule mama akitaka, nakuweka ndani sasa hivi." Alikipigapiga kiti alichokalia, kama anayesifu ng'ombe wake. "Ni mtu wetu yule. Hata viti hivi ametununulia yeye."

Wakarudi kwa kaka. Wifi alikuwa ameshapanga magunia ya mkaa pale walipokuwa wakilala. "Nilidhani mmehama," alisema, na hakuondoa hata moja. Mama akalala ameyaegemea.

"Usinipeleke tena popote," alimwambia binti yake.

Mama Karai hakulia. Kesho yake, mafundi walipokwenda kula, alichota zege bichi, akajaza ndoo, akaifunika kwa kanga na kuondoka nayo kichwani. Uani hapakuwa na mtu ila dobi, mgongo umeinama kwenye beseni.

"Umekuja kudai haki yako?"

"Nimekuja kuitazama kazi yangu."

Dobi alipoingia ndani kufuata sabuni, Mama Karai akafunua shimo, akamimina. Zege liliteremka taratibu, zito, kama uji uliolala. Akalishindilia kwa ufito hadi bomba likashiba, akafunika. Njiani alijikuta anacheka peke yake. Anywe sasa, aliwaza. Anywe yeye na benki yake.

Hakuharakisha kurudi, alitaka uchafu ukomae. Siku aliyokwenda alijipamba kama mwenye harusi, ili auone vizuri uso wa mwenye nyumba.

Mwenye nyumba hakuwepo. Kwake ni mbali, na hakuwa ametia mguu pale. Kijana wa benki alihama siku ileile maji yalipopanda, akarudishiwa pesa yake yote. Walibaki wasio na pa kwenda. Maji meusi yalikuwa yameingia vyumbani. Mjukuu mdogo wa dobi alilazwa juu ya meza, anatapika. Dobi mwenyewe alisimama ndani ya yale maji, anachota kwa beseni lake la kufulia.

"Mwenye nyumba amepiga simu," alisema bila kuacha kuchota. "Kila chumba kichange cha kufukua bomba. Asiyechanga atoke. Mimi nimeuza pasi. Wateja nao wamechukua nguo zao, wanasema zinanuka."

Mama Karai alitaka kusema.

"Aliyefanya hivi," dobi alisema, "natamani nimshike. Ningemzamisha kichwa humuhumu." Kisha akamtazama. "Mbona umesimama, mwenzangu? Shika hiyo ndoo."

Akaishika. Walichota, wakamwaga nje ya geti, wakachota, wakamwaga. Barabara ilikuwa imeinuka kuliko ua, na kila walichomwaga kiligeuka polepole, kikarudi chini ya geti, kikawapita miguuni kuelekea vyumbani.