Adresi Moja ya Kilima Kizima

Watu wa Kabingo, kilima kilicho juu ya Ngungu, walikuwa na kisima kimoja, kanisa moja na adresi moja ya imeli. Adresi hiyo ilikuwa ya Uwamariya. Aliifungua alipokuwa akisoma Goma, na aliporudi nyumbani na paneli ya jua na simu iliyopasuka kioo, kilima chote kilihamia ndani yake. Picha za harusi kutoka Kampala zilipitia kwake. Matokeo ya mitihani yalipitia kwake. "Nenda ku imeli uone kama kuko kitu," mama alimwambia mtoto, kama vile angemtuma kuni.

Kwa hiyo siku udongo ulipoporomoka ukafagia mashamba ya viazi, na shirika moja la Bweremana likatangaza kwamba kila nyumba itume kwa imeli picha ya mwenye shamba akiwa amesimama penye uharibifu ili ipewe mbegu, hakuna aliyeuliza nani atatuma. Uwamariya alizunguka matopeni na simu yake. Alimpiga picha Nyiramana na jembe lake, Rukundo aliyekataa kuvua kofia, na mzee Sebahire aliyerudi kwanza nyumbani kuvaa koti lake la Pasaka. Kisha akapanda hadi kwenye jiwe ambapo rezo ya simu hushika, akatuma barua moja moja, kila nyumba na barua yake.

Juu ya kila barua, mahali pa kichwa, aliandika jina la nyumba. Hakufundishwa na mtu. Ndivyo Kabingo walivyozoea kwa maziwa: mchukuzi mmoja huteremsha bido, yaani madumu, za kilima kizima mpaka kwa wanunuzi, na kwenye mshikio wa kila bido hufungwa kipande cha kitenge cha mwenyewe. Ukiona maua ya njano, unajua maziwa hayo ni ya Mama Libérata.

Lori la mbegu lilipanda siku ya soko. Papa Jérémie, mkuu wa shirika, alisimama juu ya magunia akaita jina moja tu la Kabingo: Libérata, yule mama mzee wa ng'ombe, ambaye picha yake ilitumwa ya mwisho. Akateremshiwa gunia lake. Turubai likafungwa.

"Na sisi?" Sebahire aliuliza.

"Mashini yetu haidanganywe, Papa. Kuko mutu mumoja wa hapa alijifanya nyumba nyingi. Alituma mashamba ya mulima muzima juu ya adresi yake. Ile ni wizi. Mumutafute katikati yenu."

Hawakuwa na haja ya kumtafuta. Macho yote yalimgeukia Uwamariya, na lori likashuka likirusha matope.

"Dada," alisema Rukundo, "picha zetu uliuzisha wapi?"

"Rukundo, sura yako hiyo ningeiuzisha kwa nani?"

Wachache walicheka, lakini kicheko kilikufa haraka. Mvua za kupandia zilikuwa karibu. Nyumba isiyo na mbegu ingeteremka kwenda kulima mashamba ya wengine, na kila mtu pale alijua maana yake: watoto nje ya shule, na shamba lako mwenyewe kuota magugu ukiliangalia. Aibu ya Uwamariya ikageuka hasira.

"Kesho nashuka Bweremana," alisema. "Nitarudi na mbegu ya mulima muzima, ao musinione tena."

"Tutashuka wote," alisema Libérata, ameketi juu ya gunia lake. "Mimi njo niko na gunia. Kama mwizi iko hapa, ni mimi."

Walipanda pikipiki moja, mwenye pikipiki, wanawake wawili na gunia katikati yao. Penye matope marefu waliisukuma. Penye matope marefu zaidi, Libérata alibaki amekaa juu, akasema umri wake unamruhusu.

Ukumbi wa shirika ulijaa watu wa vilima vingine waliokuja na malalamiko yao. Ukutani kulikuwa na kioo kikubwa cha kompyuta, kilichowekwa ili wageni waone kazi inavyokwenda. Chini yake aliketi kijana mmoja wa kompyuta, Honoré, mwenye shati lililonyooshwa vizuri. Alimsikiliza Uwamariya, akawa mpole, akaanza kumwonyesha.

"Angalia, dada. Barua inaingia. Mashini yenyewe inatoa picha mu barua, inaipeleka mu wingu, inaiweka mu dosye, mu faili ya mwenye adresi. Hakuna mutu anagusa kitu."

"Mu wingu?" Libérata alidakia. "Asubuhi mawingu iko chini ya ng'ombe zangu. Sijaonaka dosye hata moja."

Ukumbi ukacheka, Honoré naye akacheka. Kisha akaeleza, na alivyozidi kueleza ndivyo sauti yake ilivyozidi kupungua. Adresi moja, dosye moja, nyumba moja. Picha mpya ikitoka kwenye adresi ileile, inakaa mahali pa ile ya zamani. Kwa hiyo Rukundo alimfunika Nyiramana, Sebahire akamfunika Rukundo, na hivyo hivyo mpaka Libérata akawafunika wote. Na adresi ikileta barua nyingi kupita kiasi, mashini inaitia alama nyekundu: mdanganyifu.

"Nani aliifundisha vile?" Uwamariya aliuliza.

"Ni mimi," alisema Honoré. "Nilizani kila mutu iko na adresi yake."

"Kwetu hata simu hazifike mukono mumoja kuzihesabu! Na barua zenyewe? Zilifutwa?"

"Hapana. Barua zote ziko. Ni picha za mu wingu tu njo zilifunikana."

Libérata aligonga meza kwa kidole. "Mutoto wangu, mutu wa maziwa anateremusha bido za mulima muzima. Wewe unamuita mwizi juu iko peke yake? Ao unaangalia kitambaa?"

Honoré alitazama safu ya barua. Nyiramana. Rukundo. Sebahire. Kila barua ilikuwa na kitambaa chake kichwani, na mashini haikuwahi kuambiwa ikiangalie.

"Naweza kubadilisha," alisema polepole. "Dosye ifuate kichwa cha barua, isifuate adresi. Kisha barua zipite tena."

"Hautabadilisha kitu." Papa Jérémie alikuwa amesimama mlangoni. Alimwangalia Uwamariya, akashusha sauti kama mtu anayetoa zawadi. "Dada, tusipige kelele. Useme mbele ya hawa watu ya kama kosa ni yako, ulituma vibaya. Basi leo leo tunapitisha barua zenu, na mbegu inapanda."

Libérata alimfinya kiunoni. Angesema neno moja tu, kilima kingepanda mbegu. Uwamariya aliliona shamba la Nyiramana. Aliliona pia lori msimu ujao, na mtu juu yake akisema: wale wa Kabingo, mnawajua.

"Sisemi," alijibu. "Leo nikisema nilikosa, kesho utatufunga tena na kinywa changu mwenyewe. Nilituma kila nyumba na jina lake. Wenye hawakusoma ni nyinyi."

"Basi murudi na gunia yenu moja."

"Papa, sisi watu wa Kalembe," sauti ilitoka nyuma ya ukumbi, "na sisi tuko na imeli moja. Ya mwalimu."

"Na sisi ya katekista!"

"Kumbe njo maana jina lilitoka moja!"

Watu walisimama, viti vikaburuzwa. Katika kelele hiyo hakuna aliyemtazama Honoré. Alipiga vitufe vichache, akafumba macho kidogo, akabonyeza cha mwisho.

Kioo cha ukutani kikaanza kujaa. Dosye moja, kisha nyingine, na ndani ya kila moja sura: Nyiramana na jembe, Rukundo na kofia yake, Sebahire ndani ya koti la Pasaka katikati ya matope. Kabingo nzima ilisimama ukutani ikiwatazama. Baada yake wakaanza kuingia watu wa Kalembe, na wenyewe ukumbini wakipiga kelele kila walipojiona.

Jérémie alijifuta uso. "Sawa. Systeme ilikosea."

"Systeme haina kinywa, Papa. Kule juu ya lori ulisema na chako," alisema Uwamariya.

"Dada Uwamariya si mwizi," alisema, kwa sauti ya kuungama.

"Kwa nguvu, Papa. Bido za nyuma hazijasikia," Libérata alidakia.

Akarudia kwa nguvu.

Lori lilipanda Kabingo kabla ya mvua. Pamoja na magunia, Jérémie alituma ushauri: kuanzia sasa kila nyumba ifungue adresi yake. Uwamariya aliusoma kwa sauti kanisani, na Rukundo, ambaye tangu siku ile alikuwa akimchajia simu yake bila kuombwa, ndiye aliyecheka wa kwanza.

Jibu walilituma siku ya kupanda. Uwamariya aliwasimamisha wote mbele ya mashamba, Libérata katikati na bido yake, akawapiga picha moja. Akapanda kwenye jiwe, akatuma kwa adresi ileile. Kwenye kichwa aliandika: Sisi Wote.

Na mashini kule Bweremana, bila kuuliza ruhusa ya mkuu yeyote, ikafungua dosye mpya yenye jina hilo.