Kitanda cha Saruji

Majirani walimpachika mume wangu jina la Bwana Bei, na hawakukosea. Kila jioni akitoka kazini lazima apite duka la vifaa vya ujenzi, hata kama mfukoni hana kitu, aulize saruji imefika ngapi leo, nondo je, mabati je. Akifika nyumbani, usoni tu najua. Akiwa amenuna, bei imetulia. Akiingia anacheka, imepanda.

"Imepanda tena, mke wangu! Si nilikwambia? Sisi tumeshawahi!"

Maana yeye saruji yake alishainunua. Tangu mvua zilipokatika alikuwa analeta mfuko mmoja, siku nyingine miwili, ili siku ya kumwaga sakafu bei isimkute njiani. Nyumba yetu ilikuwa imesimama, ina kuta na paa, ila chini ni udongo mtupu. Na mwenye nyumba tuliyopanga alikuwa ametuambia tuhame mwisho wa mwezi, anamwingiza mwanawe anayeoa. Kwa hiyo roho zetu zote zilikuwa kwenye ile mifuko.

Na mifuko yenyewe ilikuwa wapi? Sebuleni kwangu. Aliipanga kwa utaalamu, siwezi kumnyima haki yake: chini mbao ili isipate unyevu wa sakafu, ubavuni nafasi ili isiguse ukuta, juu nailoni. Mimi nilifuta vumbi asubuhi, nikafuta mchana, na jioni nikipitisha kidole mezani naweza kuandika jina langu. Nikikaa naiona mifuko, nikisimama najigonga nayo. Nilikuwa natoka nje na kurudi ndani bila sababu, sina pa kutulia ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Halafu akaja mama mkwe. Alianguka bafuni kwake, mguu ukawa unamsumbua, mume wangu akaenda kumchukua akae nasi mpaka tuhamie kwetu, ambako chumba chake kilishajengwa. Kitanda cha ziada hatuna. Bwana Bei akaitazama mifuko, akanitazama mimi.

"Kitanda si hiki hapa," akasema, akatandika godoro juu yake.

Mama mkwe hakulalamika, isipokuwa kuhusu nailoni. Kila akijigeuza inamkwaruzia masikioni, usingizi hapati. Ikaondolewa.

Mimi na yeye hatukuwa tunaiva chungu kimoja. Ugomvi wa wazi haukuwepo, vijineno tu vya chini chini. Aliamka kabla ya watu wote, na mguu wake ule, akaenda uani kufua. Kila siku anafua! Nikisikia maji yanamwagika nachukia, najua sabuni yangu inakwenda. Nikitoka nakuta shuka imeanikwa kamba ya nyuma kabisa, huko ambako hata jua halifiki vizuri, na godoro limeegemezwa ukutani likauke.

"Mama, kwani hili godoro lina nini?"

"Kunguni," ananijibu bila kunitazama.

Kunguni! Nyumbani kwangu! Neno lile lilinikaa rohoni. Nililipekua godoro mishono yote, sikuona hata mmoja. Nikajiambia huyu mama ananitafuta tu, na mimi nitapatikana.

Fundi wetu tulimwita Fundi Kesho, na sababu haihitaji maelezo. Siku aliyokuja kweli, na mkokoteni wa kubebea mifuko, mume wangu hakukaa chini tangu alfajiri. Bei ilikuwa imepanda tena jana yake, naye anazunguka chumba kizima anapiga mluzi. Tukaondoa godoro. Fundi akainua mfuko wa pembeni, akautoa nje. Akatoa wa pili. Alipofika wa katikati akasimama, akaupiga ngumi, kisha akaukung'uta mkono wake.

"Bosi, huu umeganda."

"Umegandaje?"

"Jiwe hili. Piga mwenyewe."

Mfuko uliofuata nao jiwe. Wa chini yake, jiwe. Ya pembeni yote unga laini, ya katikati yote mawe. Mume wangu akapiga magoti, akapapasa mbao, kavu. Akapapasa ukuta, mkavu. Akainua macho kwenye dari kutafuta panapovuja, hapakuwepo.

"Maji yametoka wapi?" akauliza. "Mbona chini pakavu? Maji yametoka wapi, jamani?"

Nikageuka kwa mama mkwe, nia yangu nimuulize kama alimwaga chai. Alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja umeshika kitasa, mwingine umekusanya mtandio kifuani. Macho yake yalikuwa chini. Mtu mzima yule, aliyenitisha tangu siku niliyoolewa. Hapo nikaelewa shuka, nikaelewa kamba ya nyuma, nikaelewa kunguni. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Mume wangu naye alikuwa anaanza kugeuka upande ule.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe umefanya nini?"

"Nilikuwa nadeki. Nikaweka ndoo juu ya godoro, ikapinduka. Nikajua nikikwambia hapatakalika humu, nikanyamaza."

Uongo gani ule! Nani anayeweka ndoo ya maji juu ya godoro? Lakini mtu akishapandwa na hasira hachunguzi.

"Bei ya jana unaijua?" akafoka. "Unaijua? Nimeilinda saruji na mvua, nimeilinda na wezi, kumbe adui nimemuoa!"

Fundi Kesho akajifanya anakagua gurudumu la mkokoteni. Ulimi wangu si wa kukaa kimya, mtaa mzima unajua, na jibu lilikuwa tayari mdomoni. Nikalimeza, likaniuma kushuka.

"Hii iliyobaki nzima inatosha chumba kimoja," fundi akasema hatimaye. "Mnataka nimwage kipi?"

"Cha mama," mume wangu akajibu huku ananikodolea macho. "Huyu atalala kwenye udongo, apate akili."

"Na wewe je, bosi, utalala wapi?"

Mkokoteni ukaondoka, mume wangu akiusukuma kwa fujo, tukabaki wawili na yale mawe katikati ya sebule. Mama mkwe alikuwa bado mlangoni. Nikajua nisiposema kitu atasimama pale kutwa, na maneno ya upole sikuwa nayo, sikuzoea kumpa. Nikaburuta godoro, nikalirudisha juu ya mifuko migumu, nikalipigapiga.

"Njoo ukae, mama. Sasa hata mafuriko yaje, hakuna cha kuharibika."

Akanitazama. Nikadhani nimeharibu kabisa. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, mpaka ikabidi nimshike asianguke.

"Una mdomo mbaya wewe, mwanangu," akasema. Hakuwahi kuniita hivyo.

Jioni Bwana Bei alipita dukani kama kawaida, akakuta bei imepanda, na safari hii alirudi amenuna.

Asubuhi yake sikusikia maji uani. Nilipofungua mlango wa chumbani nilikuta beseni kizingitini, na shuka ndani yake, haijafunikwa na kitu. Nikaifua, nikaianika kamba ya mbele, kwenye jua.