Kete Mikononi mwa Mtani

Mzee Emilian Mahona hakuwa mtu wa mzaha. Katika miaka yote aliyokuwa mwalimu mkuu, wanafunzi pekee waliopata kuyaona meno yake ni wale waliomsindikiza kwenda kung'oa jino. Alipostaafu alirudi nyumbani kwake Chemchem, akaendelea kufunga tai hata siku za kupalilia mihogo. Kwa hiyo ilipotangazwa kwamba Tabora itakuwa na mashindano ya sataranji ya vijana, na mjukuu wake Advera akaandikishwa kuiwakilisha kata, hakuna aliyeuliza ni nani angemfundisha wala kwa mtindo gani.

Kila alfajiri Advera alioga maji ya baridi, akakimbia kuelekea barabara ya Kipalapala na kurudi, kisha akaketi juu ya kigoda, mgongo wima, kitabu kichwani, ubao wa sataranji mbele yake. Kitabu kikianguka mchezo ulianza upya, hata kama binti alikuwa ukingoni mwa kushinda.

"Babu, mchezo huu unachezwa kwa akili," Advera alilalamika.

"Akili inakaa wapi?"

"Kichwani."

"Na kichwa kimekalia nini?"

Advera akanyoosha mgongo.

Eustadia, mama yake, aliyatazama mazoezi hayo kwa subira ya mkwe mwenye adabu, mpaka subira ilipomwishia. Jioni moja alipiga goti, akamsalimu mzee, kisha akasema, "Baba, mimi sina ugomvi na sataranji. Lakini mtihani wa kidato cha nne unakuja, na alama zake zinashuka. Nakuomba tukubaliane. Akirudi kutoka kwenye mashindano hayo bila kushinda hata mchezo mmoja, ubao uingie sandukuni mpaka amalize shule."

"Ni haki," alijibu Mzee Mahona, kwa kuwa ilikuwa haki. Hakumwambia kwamba tangu mkewe afariki, ubao ule ndio uliokuwa ukimleta mjukuu barazani kila jioni, na kwamba bila ubao asingekuwa na la kumwambia msichana wa miaka kumi na sita zaidi ya kumuuliza kama amekula.

Sasa, mchezaji hawezi kupimana nguvu na babu yake peke yake. Alihitajika mtu wa kumtoa jasho, na katika mtaa mzima aliyejua sataranji vizuri alikuwa mmoja tu: Twalibu, fundi cherehani. Tatizo ni kwamba Twalibu alikuwa Mzaramo. Babu yake alifika Tabora na misafara ya zamani kutoka pwani, akanogewa, akabaki. Na Mzaramo kwa Mnyamwezi ni mtani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya wakwe zako. Mtani akikipenda kitu chako atakichukua, nawe utacheka. Ukikasirika, aibu ni yako na ya ukoo wako.

Siku ya kwanza Twalibu alicheza vizuri, akashindwa, akainuka, akamchukua malkia mweupe na kumtia mfukoni.

"Mtani, hiyo ni kete yangu," alisema Mzee Mahona.

"Mwanamke mzuri namna hii atakaaje kwa Mnyamwezi? Utamlisha nini, viazi vikavu vya matobolwa? Naenda naye pwani akale samaki."

Mzee Mahona alijilazimisha kucheka. Kicheko chake kilimtisha paka wa jirani.

Siku iliyofuata zilikwenda ngome zote mbili, kwa maelezo kwamba Mnyamwezi haoni raha pasipo kubeba mzigo, hivyo hana haja ya nyumba. Kisha wakaenda maaskofu. "Mimi Mwislamu, nawahifadhi tu wasipotee kwenye hili pori lenu." Kisha farasi, kisha askari mmoja mmoja. Kila jioni Twalibu alifika, akacheza, akanywa chai, akaondoka na jeshi la mwenzake. Advera aliziba mapengo kwa alivyoviona: malkia akawa gunzi la hindi, ngome zikawa vizibo vya soda, askari wakawa mbegu za ukwaju. Mfalme mweupe alipochukuliwa, nafasi yake ilishikwa na kitunguu, nacho kilibadilishwa kila kilipohitajika jikoni. Jambo la ajabu ni kwamba binti alizidi kuwa hodari. Alimfunga babu yake kwa gunzi na vizibo bila kuangusha kitabu kichwani.

Zikiwa zimebaki siku chache, taarifa ikaja kutoka kwa waandaaji: vifaa ni haba, kila mshiriki aje na ubao wake na kete zake kamili, asiyekuwa nazo hataruhusiwa kucheza.

"Hawatakubali kitunguu, babu?" aliuliza Advera.

"Hawatakubali kitunguu."

Alichochukua mtani hurudi kwa njia mbili. Ama ukikomboe kwa kitu anachokitaka, na Twalibu alisema hataki kitu. Ama umshinde kwa maneno mbele ya watu mpaka watu wacheke. Hapo ndipo mazoezi yalipogeuka. Kigoda alikikalia babu, na mwalimu akawa mjukuu.

"Mwambie babu yake alikuja Tabora akiwa amebebwa mgongoni kama mtoto."

"Sina ushahidi wa jambo hilo."

"Babu! Utani hauna ushahidi. Mwambie Wazaramo wakisikia ngoma wanaacha hata maiti njiani."

"Hayo ni maneno mazito kuyasema juu ya watu walio hai."

"Basi tunga ya kwako."

Alitunga. Aliyaandika, akayasahihisha, akayakariri. Siku ya Ijumaa alisimama mbele ya kibanda cha Twalibu, kofia yake ya pama mkononi, wateja wakiwa wamekaa kwenye benchi, akatamka kwa sauti ya gwaride, "Ewe Twalibu! Ni dhahiri kwa kila mwenye macho kwamba ukoo wako umekuwa na upungufu wa bidii, na dalili za kujirekebisha bado hazijaonekana!"

Twalibu alisimamisha cherehani.

"Mtani," alisema Twalibu kwa huruma, "hiyo ni ripoti ya muhula."

Hapo ndipo watu walipocheka, lakini walimcheka asiyetakiwa kuchekwa. Twalibu akachukua na kofia ya pama.

Jumamosi asubuhi, siku ya mashindano, Mzee Mahona alivaa suti yake nyeusi na kwenda kibandani akifuatana na Advera, aliyebeba sanduku tupu la kete. Hakusalimu mtu. Alisogeza vitambaa vilivyokuwa juu ya meza ya kukatia nguo, akapanda, akajilaza chali, akakunja mikono kifuani na kusema:

"Twalibu, mimi nimekufa. Kete zangu zimeniua. Wewe ni mtani wangu. Maziko yangu yako juu yako."

Kisha akafumba macho.

Twalibu aliachia pedeli. Neno lilikuwa zito. Mtani anaweza kukunyang'anya shati mwilini, lakini ukifa, yeye ndiye anayechimba kaburi, anayepika, anayewatuliza wafiwa, naye haondoki mpaka shughuli iishe. Wateja walisimama wote. Mwanamke mmoja aliyekuja kuchukua gauni alianza kulia kwa mazoea tu.

Tatu, mke wa Twalibu, alitoka ndani akifuta mikono, akaitazama ile maiti iliyofunga tai.

"Umemuua mwalimu?"

"Amejiua mwenyewe, mke wangu. Ona, hata viatu amepiga rangi."

"Aliyekufa amekufa. Mali ya marehemu ikabidhiwe mjukuu kabla ya maziko. Au unataka tuonekane watu tunaokula vya marehemu?"

"Huu ni utani tu, Tatu!"

"Na msiba wa utani una taratibu zake. Toa kete za watu."

Mzee Mahona alisikia droo ya vifungo ikivutwa, kisha kete zikidondoka moja moja ndani ya sanduku, kila moja na wasifu wake. "Farasi huyu alikuwa mzuri, ila alikula sana. Askari huyu alitoroka jeshini, nimemlea kama mwanangu." Malkia alitoka mwisho, akasindikizwa kwa kilio kirefu cha Twalibu.

"Zimetimia, babu," Advera alinong'ona. "Twende."

Mzee Mahona alifumbua jicho moja. Kidole cha Twalibu kilikuwa tayari mbele ya pua yake.

"Aaa! Maiti akifufuka, hakukuwa na kifo. Na kama hakukuwa na kifo, kete ni zangu. Nitakwenda kuzichukua ukumbini, mchezo ukiwa katikati. Bi Tatu, nimekosea?"

Tatu alifikiri. "Hujakosea. Ni lazima awe amekufa mpaka mashindano yaishe."

Mzee Mahona alikuwa amemwahidi mjukuu wake kwamba angekaa kiti cha mbele ukumbini, mgongo wima, ili binti akichanganyikiwa amtazame. Alilala pale akiipima ahadi ile. Kisha akalifumba jicho. Akasikia pumzi ya Advera karibu na sikio lake, halafu hatua zake zikikimbia kuelekea ukumbini, kete zikicheza sandukuni.

Ndivyo alivyoanza siku ndefu kuliko zote za maisha yake. Twalibu, kwa kuwa alikuwa mtani wa kweli, hakufanya kazi nusu. Alimfunga kidevu kwa utepe wa kupimia. Alitandika mkeka nje, akaweka sufuria ya pilau jikoni. Alimpima urefu kwa ajili ya sanda, akatangaza kwa sauti kwamba marehemu ni mfupi kuliko alivyokuwa akijitangaza. Frateri mmoja wa seminari ya Kipalapala, aliyefuata suruali yake, aliombwa aongoze sala. Aliitazama maiti ikipumua, akasema suala hilo linahitaji ushauri wa walezi wake, akaondoka bila suruali.

Kisha simu ya Twalibu ikaita. Ilikuwa Shamila, binti yake, ambaye alikuwa ukumbini.

"Ehee, mwanangu. Ameanza na nani? Kijana wa Isikizya… Lo! Malkia? Mapema hivyo? Pole yake." Akakata simu, akawageukia waombolezaji. "Mchezo wa kwanza ameshindwa. Anacheza kama mtu aliyeonyeshwa malkia leo. Anamwogopa, anamficha pembeni."

Mzee Mahona alielewa mara moja. Binti alikuwa amezoea gunzi. Gunzi hulionei huruma. Ulitupe mbele, lipigwe, halina hadhi. Alitamani kupaza sauti, *Mtoe! Mchezeshe kama gunzi!* Meno yake yaliuma utepe.

Baada ya muda simu ikaita tena. Safari hii mpinzani alikuwa msichana wa Ulyankulu aitwaye Irankunda, mtulivu kama maji ya mtungini, na Advera alikuwa ameshindwa tena.

"Bado michezo miwili," alisema Twalibu. Akaikaribia meza, akainama. Alikuwa mdogo kwa Mzee Mahona kwa miaka mingi, na katika ujirani wao wote alikuwa hajapata kumwamkia, maana mtani haamkiwi. Sasa akaweka mkono kifuani, akasema kwa unyenyekevu mkubwa:

"Shikamoo, mwalimu."

Mzee Mahona alikuwa amewachapa watoto wa watu viboko kwa kuacha salamu hewani. Marahaba ilimpanda mpaka kooni, ikagonga meno, ikasukuma utepe. Alimfikiria binti aliyeketi mbele ya mgeni, akigeuza shingo kukitazama kiti kitupu. Akaimeza ile marahaba nzima nzima, ikashuka kama kipande cha muhogo mkavu.

"Amekufa kweli huyu," alinong'ona mtu, na safari hii hapakuwa na aliyecheka.

Pilau ikaliwa. Harufu ilimpitia marehemu puani bila adabu. Nzi akatua juu ya kipaji cha uso wake, akatembea, akaondoka kwa hiari yake. Simu haikuita. Hata Twalibu, ambaye kwa kawaida hakunyamaza isipokuwa akiwa na pini mdomoni, alikuwa akitembea huku na huko akiuliza kama mtandao upo.

Haikuja simu. Alikuja Eustadia mwenyewe, akikimbia, kiatu kimoja mkononi, mwanamke ambaye hata mvua haikupata kumfanya akimbie. Alipita katikati ya waombolezaji, akapiga goti kando ya meza, akashika mkono wa baba mkwe wake.

"Baba," alisema, akihema. "Ameshinda. Kijana wa Urambo, mkubwa, ana ndevu. Advera alimtupa malkia wake katikati, watu wakashika vichwa, nami nikashika changu, kumbe ulikuwa mtego. Sasa anacheza mchezo wa mwisho. Ubao hauingii sandukuni, Baba. Nimekuja kukwambia mwenyewe."

Mzee Mahona hakutikisika. Lakini chini ya kope zilizofumbwa kitu kilijaa, kikafurika, kikateleza polepole kuelekea sikioni.

"Oneni!" alipiga kelele mteja mmoja. "Maiti inalia! Amefufuka! Fundi, kafuate kete zako, mchezo bado haujaisha!"

Twalibu alikata kipande cha kitambaa cha marekani, akakipitisha taratibu kwenye shavu la mtani wake.

"Jasho hilo," alisema. "Maiti wa Kinyamwezi hutoka jasho. Wamezoea mizigo."

Kisha akavuta kiti, akakaa mbele ya meza akiwapa watu uso, mgongo wake mpana ukiufunika uso wa marehemu usionekane na mtu yeyote.

"Tatu, ongeza mkaa," akaagiza. "Msiba huu bado unaendelea."