Mkono wa Kushoto

Moshi wa kuni ulikuwa umemjaa mama machoni tangu alfajiri, na bado alikuwa anachochea moto, maana siku hiyo diwani alikuwa anakuja kutembelea shule. Binti yake alimsaidia kusugua masufuria, kisha akakimbilia darasani mikono ikinuka sabuni. Mshahara wa mpishi wa shule ulikuwa jina tu. Alichopata cha maana ni kwamba mtoto wake alisoma bure, na kwa hilo alikuwa tayari kukohoa hadi uzeeni.

Darasani, mwalimu wa uraia alikuwa anawakumbusha utaratibu wa siku za wageni. Likiulizwa swali, wote wanyooshe. Anayejua anyooshe mkono wa kulia, asiyejua wa kushoto. Mgeni ataona mikono imejaa darasa zima, mwalimu atachagua ya kulia, na kila mtu atarudi kwao na heshima yake. Hila hiyo haikuwahi kumwangusha.

Diwani akaingia, tumbo mbele, wapambe nyuma. Somo lilikuwa haki za raia. Wa kulia wakajibu, makofi yakapigwa, mambo yakawa shwari.

Kisha mheshimiwa akanogewa. Akamwambia mwalimu akae, akasema raia ana haki ya kumuuliza kiongozi wake, basi na waulize. Mikono yote ikapaa kwa mazoea. Yeye habari za kulia na kushoto hakuwa nazo. Akamnyooshea kidole binti wa mpishi, aliyeinua wa kushoto juu kabisa kwa sababu hakuwa na la kusema.

Binti akasimama, kichwa kitupu. Akatafuta swali lolote, akaliokota lile ambalo mama yake hulisema kila asubuhi akibeba ndoo.

"Mheshimiwa, mama anauliza, mbona bomba la mtaani kwetu limefungwa kufuli tangu magari yako yaanze kuuza maji?"

Mwalimu aliangalia viatu vyake. Diwani akacheka kwa upole.

"Swali zuri sana. Mama yako ni nani, mwanangu?"

"Ndiye mpishi wetu hapa," akajibu, tena kwa fahari.

Diwani akaahidi kulifanyia kazi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akatimiza ahadi upesi. Masufuria hayajakauka, mwalimu mkuu alikuwa amesimama nyuma ya jiko.

"Dada, mimi sina ugomvi na wewe. Kuna malalamiko kuhusu usafi."

"Ya nani?"

"Usiniponze. Mtoto amalizie muhula huu, halafu tutaona."

Mama akavua aproni, akaikunja vizuri kana kwamba angeihitaji kesho. Hakumgombeza binti yake, na hilo ndilo lililomuumiza mtoto zaidi. Njiani alimuuliza jambo moja tu:

"Mwanangu, si ungesema umesahau?"

Wiki iliyofuata, mpishi mpya alikuwa anakohoa jikoni, nje ya dirisha la darasa, wakati mwalimu wa uraia alipoingia na chaki yake. Hapakuwa na mgeni.

"Haki ya kwanza ya raia ni ipi?"

Walikuwa wameiimba wiki nzima kabla ya diwani kuja. Mikono ikapaa, hakuna uliobaki chini, na yote ilikuwa ya kushoto.

Mwalimu akaitazama mmoja mmoja, hadi wa binti wa mpishi wa zamani.

"Vizuri," akasema, akageukia ubao.